Kutoka na familia nzima Dar es Salaam: panga watu, saa na maji kwanza, mahali baadaye

Matembezi mengi ya familia hapa Dar huharibika kabla gari halijawashwa. Mtu anaona picha ya ufukwe Instagram, anaitupa kwenye grupu la ukoo, wote wanajibu "twendeni". Jumapili saa nane mchana watu kumi na wawili wamekwama Mwenge, mtoto analia usingizi, bibi anataka choo, na huko waendako bahari imekupwa hadi mawe yako nje. Ufukwe hauna kosa. Kosa ni kuanza na mahali.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: kwanza watu, pili siku na saa, tatu fedha, na mahali pawe pa mwisho. Ukifika kwenye mahali, machaguo yatakuwa yamebaki mawili au matatu tu, na hapo kuchagua ni dakika tano.

Orodha ya watu na jaribio la mkeka

Chukua karatasi. Andika kila anayekwenda, na mbele ya jina lake mambo matatu: anaweza kutembea umbali gani bila kukaa, analala au kupumzika saa ngapi, na ana hitaji gani la lazima (dawa, choo cha kukaa, kivuli, sehemu ya kuswali, maziwa ya mtoto). Anayetembea kidogo kuliko wote ndiye anayeamua umbali. Anayelala mapema kuliko wote ndiye anayeamua saa ya kurudi. Ukipanga kwa kuwatazama vijana wa miaka ishirini, wawili wa pembeni, mtoto na mzee, watateseka, na wakiteseka wao hakuna atakayefurahi.

Kwa makadirio: mtoto wa miaka miwili hadi minne hutembea mita mia chache kisha anataka kubebwa, na akikosa usingizi wa mchana jioni yenu imekwisha. Wa miaka mitano hadi kumi humaliza kilomita mbili ukimpa kitu cha kutafuta njiani. Kijana wa miaka kumi na tatu na kuendelea atanuna usipompa kazi, kwa hiyo mpe: ashike ramani, apige picha, au awe mweka hazina wa nauli. Mzee mwenye magoti mabovu si lazima abaki nyumbani, ila mchanga laini, ngazi zisizo na kishikio na kupanda boti kwa kuruka ndani ya maji havimfai.

Watu husema wanatafuta mahali ambapo "kila mtu atapata cha kufanya". Pima kwa mkeka. Je, pana kivuli cha kudumu ambapo mkeka utatandikwa au meza itashikwa, na ukiwa umekaa hapo unawaona watoto wakicheza? Choo kiko ndani ya hatua mia moja hivi? Maji na chakula vinapatikana bila kuwasha gari? Majibu yakiwa ndiyo matatu, familia yenye umri wowote itakaa saa nne bila ugomvi. Likikosekana hata moja, hapo ni pa vijana, au pa watu wawili wanaopendana.

Wapi pa kutafuta

Instagram ndiyo gazeti la matembezi la Dar, ila isome kwa jicho la mhasibu. Picha za mwenye mahali ni za siku ya uzinduzi. Fungua picha ambazo wageni wamepiga na kuweka alama ya mahali hapo, uangalie za miezi mitatu ya karibuni: rangi ya maji ya bwawa, hali ya bembea, idadi ya watu. Kwenye Google Maps panga maoni kuanzia mapya, kisha tafuta humo maneno "choo", "watoto", "kiingilio" na "parking". Malalamiko ya aina moja yakijirudia mara tatu yaamini. Sifa zisizo na maelezo zipite.

Kuna kundi la pili ambalo wengi hawaligusi: taasisi za umma. Makumbusho ya Taifa wana vituo viwili Dar. Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) wana misitu yenye njia za kutembelea. TANAPA wana hifadhi za taifa, na visiwa vya karibu viko chini ya mamlaka ya hifadhi za bahari. Huko kiingilio cha raia ni kidogo sana ukilinganisha na cha wageni, na watoto hulipa pungufu au hawalipi. Kwenye hifadhi za TANAPA mtoto wa chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu, na wa miaka mitano hadi kumi na tano ana kiwango chake cha mtoto. Beba vitambulisho vya watu wazima na kitu cha kuonyesha umri wa watoto. Ukishindwa kuthibitisha uraia getini, unaweza kudaiwa bei nyingine kabisa.

Kalenda ya mwaka nayo inakupangia. Maonyesho ya Sabasaba, barabara ya Kilwa, huanza mwishoni mwa Juni na kuingia katikati ya Julai. Nane Nane ya kanda ya mashariki iko Morogoro mwanzoni mwa Agosti, na watoto wanaona ng'ombe, mabwawa ya samaki na mashamba ya mfano mahali pamoja. Kwa yote mawili kwepa siku yenyewe, yaani tarehe 7 Julai na tarehe 8 Agosti. Nenda siku ya kazi, mwanzoni mwa maonyesho, saa tatu asubuhi. Siku ya kilele utaona migongo ya watu tu.

Simu moja, maswali saba

Kabla ya kuwatangazia watu piga simu. Usiulize "mko wazi?", kwa sababu jibu ni ndiyo siku zote. Uliza hivi:

1. Kiingilio cha mtu mzima na cha mtoto ni kiasi gani, na mtoto kwenu ni wa umri gani? Sehemu nyingine hupima kwa urefu.
2. Kiingilio kinajumuisha nini? Bwawa, bembea na farasi mara nyingi vina tiketi zake.
3. Jumamosi hii kuna sherehe au shule imekodi? Swali hili ndilo linalookoa watu wengi.
4. Chakula cha nje kinaruhusiwa? Kama hakiruhusiwi, sahani ya bei ya chini kabisa ni ipi?
5. Vyoo vina maji leo? Kuna choo cha kukaa?
6. Malipo ni taslimu, kwa simu, au kwa namba ya malipo ya serikali?
7. Kutoka maegesho hadi sehemu ya kukaa ni mbali kiasi gani, na ni mchanga, ngazi au sakafu?

Anayejibu kwa kubabaika swali la pili na la nne ana gharama zilizojificha. Mwombe akutumie orodha ya bei kwa WhatsApp. Mahali panapoendeshwa vizuri huituma ndani ya dakika chache.

Siku na saa

Jumapili alasiri ndiyo saa mbaya kuliko zote Dar: ibada zimekwisha, wote wametoka, na kuanzia saa kumi na moja wote wanarudi kwa barabara zilezile. Jumamosi asubuhi ni bora zaidi. Kumbuka tu kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi, na baadhi ya biashara huchelewa kufungua. Familia yenye Waislamu na Wakristo ndani yake haihitaji kuambiwa mambo ya Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi, lakini anayepanga mara nyingi ni mtu mmoja, na husahau ya wenzake.

Ondokeni saa moja na nusu asubuhi, mfike saa tatu, mle saa sita, muwe njiani kurudi saa nane. Jua la saa nne hadi saa tisa si la mtoto mchanga wala la mzee mwenye presha, kwa hiyo mchezo wa juani uwe asubuhi, na mchana mkae kivulini. Kwa majira, Juni hadi Septemba ni kukavu na kuna ubaridi kidogo. Machi hadi Mei ni masika; njia za vumbi za Pugu na Kigamboni huwa matope, na mpango wenu lazima uwe na paa.

Maji ya bahari: hesabu ambayo haipo kwenye picha

Pwani ya Dar maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu siku za bamvua. Ufukwe uleule ambao saa kumi jioni ni bwawa zuri, saa nne asubuhi unaweza kuwa uwanda wa mawe, mwani na vichuguu vya kaa. Wavuvi hawahitaji programu ya simu kwa hili. Wanahesabu mwezi, na wewe unaweza.

Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Siku hizo Dar maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa kabisa kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na maji hujaa kwenye saa nne hivi asubuhi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Kwa hiyo ukijua Jumatano maji yamejaa saa tisa alasiri, Jumamosi yatajaa saa kumi na moja na nusu. Thibitisha kwa jedwali la kupwa na kujaa la bandari ya Dar es Salaam. Programu nyingi za hali ya hewa zinalo.

Tumia hivi. Watoto wa kuogelea: fika saa mbili kabla ya maji kujaa, tokeni majini maji yanapoanza kurudi kwa nguvu. Watoto wa kuokota kombe na kutazama kaa: nenda maji yakiwa yanakupwa, kila mtu na viatu miguuni, kwa sababu mwiba wa urumba, yule mnyama wa baharini wa duara mwenye miiba mwili mzima, ukivunjikia kwenye unyayo wa mtoto matembezi yameishia hapo. Wikendi ya maji mafu ndiyo rafiki wa familia: asubuhi kuna maji, na hayaendi mbali.

Upepo pia. Kusi likivuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka zaidi mchana. Kwenda kisiwani asubuhi na kurudi kabla ya saa tisa si woga.

Mahali, kwa mpangilio wa urahisi

*Posta, Jumapili asubuhi.* Haya ndiyo matembezi tunayoyapendekeza kwanza kwa familia isiyo na gari. Siku za kazi Posta haipitiki. Jumapili hadi saa sita ni tulivu kiasi cha mtoto kutembea bila kushikwa kwapani. Panda mwendokasi hadi mwisho wa njia, Kivukoni. Upande mmoja kuna soko la samaki la Feri: pelekeni watoto waone pweza, ngisi na changu vikinadiwa, lakini sakafu inateleza, kwa hiyo bibi asubiri nje. Fuateni barabara ya ufukweni hadi kanisa la Kilutheri la Azania Front, ambalo Wajerumani walilijenga mwanzoni kabisa mwa karne ya 20. Pandeni hadi Sanamu ya Askari ya 1927, mshuke Samora hadi Bustani ya Mimea. Hapo ndipo mkeka wenu: miti ya zaidi ya miaka mia, na mara nyingine tausi.

Makumbusho ya Taifa yako jirani, mtaa wa Shaaban Robert. Kwa watoto msianze na vibao vya maandishi. Nendeni moja kwa moja kwenye fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai tarehe 17 Julai 1959, muwaambie walinganishe magego yake na yao. Kisha magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. Saa moja na nusu inatosha. Ikizidi, wadogo wanaanza kukimbia kumbini. Mzunguko mzima ni kilomita mbili na ushee. Asiyeweza achukue bajaji kutoka Kivukoni hadi makumbusho na awasubiri bustanini.

Umaliziaji ni pantoni. Kuvuka Magogoni kwenda Kigamboni na kurudi ni dakika chache, nauli ya mtembea kwa miguu ni shilingi mia mbili, na kwa mtoto wa miaka sita ni meli kamili. Tahadhari moja: maeneo ya Ikulu, majengo ya jeshi na vyombo vya ulinzi hayapigwi picha. Mpiga picha wenu kijana aelezwe mapema, maana simu ikichukuliwa siku imeharibika.

*Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo.* Nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, za ukubwa halisi, mtoto anaingia ndani na kuona jiwe la kusagia na kitanda cha kamba. Panafaa sana umri wa miaka mitano hadi kumi na mbili, na wazee hapa hugeuka walimu bila kuombwa. Mwachie babu nyumba ya kwao aieleze mwenyewe. Pana miti na sehemu za kukaa. Ngoma huchezwa baadhi ya siku alasiri. Uliza ratiba kwa simu. Njia ni za udongo, kwa hiyo kiti cha magurudumu kinahitaji msukumaji mwenye nguvu.

*Coco Beach.* Bure, mihogo ya kukaanga na kachumbari, madafu, mishikaki. Kwa familia ni pa asubuhi, kabla ya muziki. Maji yakikupwa miamba iko wazi na maji yakijaa mawimbi huipiga kwa nguvu, kwa hiyo hapa ni pa kukaa na kula zaidi ya kuogelea.

*Mbudya na Bongoyo.* Visiwa hivi viwili ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975. Boti za Mbudya hutoka ukanda wa Kunduchi na Mbezi, za Bongoyo hutoka Msasani. Maji ni safi na mchanga ni mweupe, ila ndipo mahali ambapo watu hukosea zaidi, kwa hiyo tufuatane hatua kwa hatua.

Gharama ni nne: nauli ya boti kwenda na kurudi, kiingilio cha hifadhi, banda la kukaa, na chakula. Uliza zote nne mkiwa bado bara. Kabla ya kupanda hesabu jaketi okozi, moja kwa kila kichwa, na la mtoto liwe la mtoto. La mtu mzima litampanda hadi masikioni na majini litamtoka. Lijaribu: mvalishe, shika mabega ya jaketi, mwinue. Likipita kidevu, halimfai. Nahodha asiye na jaketi za kutosha anakwambia kisiwa ni hapo tu. Umbali hauna uhusiano, na boti nyingine ipo. Kubalianeni saa ya kurudi, chukua namba yake ya simu, na kama mmekodi boti nzima bakiza sehemu ya malipo hadi mrudi.

Kisiwani hakuna gati la kushukia. Mnashuka ndani ya maji, ya magotini au ya kiunoni kutegemea kupwa na kujaa. Simu, dawa na nepi viwe ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Mkifika tu, kabla ya kuvua viatu, mtu mmoja ashike banda na aagize samaki. Wanaosubiri njaa ndipo waagize hukaa saa nzima na zaidi, kwani samaki anakaangwa kwa zamu na mpo wengi. Jizuieni kuvunja matumbawe na kubeba kombe hai. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja na mzee asiyeweza kuingia majini, kwa maoni yetu, wasipelekwe.

*Bagamoyo.* Kiasi cha kilomita 70, na foleni ya Tegeta na Bunju ndiyo safari yenyewe. Toka saa kumi na mbili na nusu. Magofu ya Kaole yana msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Kwenye eneo la misheni ya Wakatoliki, iliyoanza 1868, kuna makumbusho ndogo nzuri, na mbuyu ambao shina lake limemeza mnyororo: watoto watausahau utumwa uliosimuliwa ndani lakini mnyororo hawatausahau, kwa hiyo anzeni na mbuyu. Vituo viwili vinatosha kwa siku. Familia zinazojaribu vitano humaliza zikiwa hazisemeshani.

*Morogoro kwa treni.* Tangu Juni 2024 treni ya SGR imeifanya Morogoro kuwa safari ya siku moja. Daraja la kawaida lilianza kwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili, na wa chini ya minne bure. Kateni tiketi siku kadhaa kabla, kwa majina na vitambulisho, na fikeni stesheni mapema kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo. Stesheni ya Morogoro iko nje ya mji; wekeni nauli ya bajaji kwenye bajeti. Kuona milima ya Uluguru dirishani, chakula cha mchana kwenye bustani chini ya mlima, na kurudi jioni vinatosha. Kupanda hadi Morningside, juu mlimani, waachieni vijana wenye viatu.

Pugu, kwa mapango ya popo na msitu, ni ya watoto kuanzia miaka minane, pamoja na mwongozaji. Mikumi kwa siku moja kutoka Dar inawezekana lakini ni saa nyingi ndani ya gari. Bila kulala njiani usiwapeleke walio chini ya miaka sita.

Fedha na usafiri

Andika mistari sita: usafiri, viingilio, chakula, maji, michezo ya watoto ya kulipia, dharura. Dharura iwe moja ya tano ya jumla. Mstari wa michezo ndio unaovunja bajeti, kwa hiyo kila mtoto apewe kiasi chake mkononi tangu asubuhi, na kikiisha kimeisha. Mchango wa ukoo ukusanywe siku tatu kabla. Ahadi za "nitatoa huko huko" usizihesabu kwenye idadi ya viti.

Gari aina ya Noah hubeba saba kwa raha. Zaidi ya hapo kodi Hiace au Coaster, na kubalianeni kwa ujumbe wa maandishi: mafuta ni ya nani, dereva anasubiri hadi saa ngapi na ikizidi ni kiasi gani, chakula chake nani analipa, tozo na maegesho ni za nani. Kigamboni kwa gari kuna foleni ya pantoni au tozo ya daraja lililofunguliwa 2016. Daraja ni la uhakika zaidi mkiwa na watoto.

Chakula kisichowalaza hospitali

Joto la Dar halisamehe. Wali wa nazi, maharage ya nazi na pilau iliyofungwa ikiwa vuguvugu huanza kuharibika ndani ya saa mbili. Ama kibaki moto kwenye hotpoti iliyojaa na kuliwa mapema, ama kiwe baridi kabisa kwenye deli lenye barafu. Vinavyovumilia ni chapati, viazi vya kuchemsha, mihogo mikavu, karanga, machungwa, ndizi, na mayai ambayo hayajamenywa. Kachumbari ikatiwe huko huko. Maji: lita mbili kwa mtu mzima, moja kwa mtoto, na nusu ya chupa zigandishwe usiku, zitapoza chakula asubuhi na kunywewa mchana.

Yanayoharibika, na la kufanya

Mtoto kupotea. Mwandikie namba mbili za simu mkononi kwa kalamu ya wino usiofutika, si kwenye nguo, maana nguo huvuliwa. Mkifika tu chagueni alama moja inayoonekana (mnara, banda lenye paa jekundu), mwambie akipotea asimame pale, na amfuate mama mwenye watoto au askari. Akipotea kweli, mmoja abaki mkekani na wengine watafute kuanzia upande wa maji.

Kuogelea. Mtoto anayezama hapigi kelele. Wekeni zamu ya dakika ishirini: mtu mzima mmoja, simu mfukoni, macho majini, na kwa asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono. Mkiwa kumi bila zamu, kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Kwenye bwawa la hoteli, kama huoni sakafu ya upande wa kina, msiingie.

Kumbi na michezo. Wakati wa Idi ya 2008 watoto walikufa Tabora kwa kukosa hewa kwenye disko toto lililojazwa kupita kiasi. Ukumbi wenye mlango mmoja na watoto wanaoendelea kuingizwa, ondokeni hata kama mmelipa. Majumba ya kuruka ya upepo yawe yamefungwa kamba ardhini pande zote, yawe na msimamizi, na watoto wa miaka mitatu wasichanganywe na wa kumi. Mifupa huvunjika humo kwa sababu mkubwa humwangukia mdogo.

Na mvua ikinyesha saa nne asubuhi, msikae garini mkijadiliana. Mpango wa pili uwe umeandikwa kwenye karatasi ileile ya majina: mahali penye paa, upande uleule wa mji, simu imeshapigwa. Mkiwa Mbezi, wa pili usiwe Kigamboni.